Ngozi ya Kondoo Aliyezaa Vizuri

Nyumbani kwetu mtoto hakubebwa kwa ngozi ya kondoo yeyote tu. Ngozi ya kubebea mtoto mgongoni, ambayo kwa Kiha tunaiita ingobyi, ilitakiwa itoke kwa kondoo jike aliyezaa vizuri: asiyewahi kuharibu mimba, asiyekataa mtoto, ambaye wanawe wote walisimama na kunyonya. Tena awe bado kijana, ili ngozi iwe laini, isiwe na makovu ya miiba. Aliyechagua alikuwa bibi, mama yake baba. Aliingia zizini asubuhi, akapitisha mkono mgongoni mwa kondoo mmoja mmoja, halafu akasema, "Huyu." Hakuna aliyebisha. Nyama yake sisi wanawake hatukuila, walipewa majirani wasio na mwiko huo. Ngozi ilitandazwa juani kwa vigingi, ikakwanguliwa, ikapakwa siagi na kufikichwa kwa mikono siku nyingi, mpaka ikakunjika kama kitambaa.

Tunakaa milimani upande wa Munanila, ambako ukungu ukishuka asubuhi huwaoni kondoo, unawasikia tu wakikohoa. Wakati ninaousimulia nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea, kwa hiyo nilirudi kuchunga. Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kijijini, nyumba zikiwa zimepangwa mstari kando ya barabara. Malisho yalikuwa mbali kuliko zamani. Kondoo wetu walikuwa wamebaki kumi na mmoja, na baba akiulizwa alisema ni huko kuhama ndiko kulikowamaliza.

Mmoja kati ya hao kumi na mmoja alikuwa mwekundu, mkia mnene, masikio mafupi kama majani ya chai. Hakuwa mkubwa. Ukimweka sokoni Kasulu watu wangempita. Lakini alikuwa amezaa mara tatu: mara ya kwanza mmoja, mara ya pili wawili, mara ya tatu wawili tena, na hakupoteza hata mmoja. Kondoo wengine wote wa kwetu walizaa mmoja mmoja, na wengine waliruka mwaka. Haya niliyajua kwa sababu nilikuwa na daftari la shule lililobaki na kurasa nyeupe, nami kichwa changu hakishiki mambo vizuri. Naandika polepole, lakini nikishaandika sisahau.

Katikati ya kiangazi dada yangu mkubwa alikuja kutoka Kibondo, alikoolewa. Alishuka kwenye lori akiwa ameshika kiuno. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita. Ilikuwa ya pili. Mtoto wa kwanza alimzaa hukohuko Kibondo, akambeba kwa kitenge, na mtoto akafa katika mwezi wa tatu. Homa ilimshika jioni, asubuhi hakuwepo. Bibi hakwenda kwenye msiba kwa sababu ya miguu, lakini tangu siku ile alikuwa na neno moja: mtoto alibebwa kwa kitambaa cha dukani, mgongo wake haukupata joto.

Kwa hiyo dada alipofika, bibi hakungoja hata ale. Alimshika tumbo, akamtazama macho, akasema, "Safari hii utabeba kwa ngozi. Nimeshamwona kondoo wake."

Kesho yake aliingia zizini. Nilikuwa nafungua mlango. Mkono wake ulipita juu ya wale wengine haraka haraka, ukasimama kwa yule mwekundu.

"Huyu. Akichinjwa mwezi huu, ngozi itapata jua la kutosha."

Mapacha wake wa mara ile ya tatu walikuwa chini ya tumbo lake wakigonga kiwele kwa vichwa, jike na dume, hawajamaliza hata wiki tatu. Nilitaka kusema kitu. Mdomo wangu ulikuwa kama umeshonwa. Ndivyo nilivyo. Shuleni mwalimu aliniuliza swali, jibu nalijua, nikalia badala ya kulitaja.

"Mke mwenzangu, mbona umesimama kama kigingi?" bibi aliniuliza. Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Watoe, jua limepanda."

Nikawatoa.

Siku hiyo malishoni nilifungua daftari nikatafuta wana wa yule mwekundu. Yule wa kwanza alikuwa dume mkubwa, baba alimuuza Kasulu alipokua. Wa pili na wa tatu, majike wawili, mmoja baba alimpa rafiki yake, na mwingine alitolewa alipotakiwa mnyama wa kulipia faini ya ng'ombe wetu walioingia shamba la watu. Waliteuliwa hao kwa sababu walikuwa wadogo. Pacha huwa mdogo, na mtu akiambiwa atoe kondoo, hutoa mdogo. Basi katika zizi letu hakukuwa na damu yake nyingine yoyote ila wale wawili wanaonyonya. Mama yao akichinjwa mwezi ule, nao wangekufa au wangedumaa.

Niliona hilo waziwazi, na nilimwona dada yangu waziwazi vilevile, jinsi alivyokuwa akiweka mkono tumboni kila mtoto wa jirani alipolia.

Niliamua kumuuliza bibi habari za ngozi za zamani. Kuuliza si kubisha. Tulikuwa tumekaa nje tunapukuchua mahindi, mimi, bibi na dada.

"Bibi, ngozi ya baba ilitoka kwa kondoo gani?"

"Ya baba yako?" Alifurahi kuulizwa. "Yule alikuwa na madoa meusi. Alizaa mapacha mara mbili mfululizo! Babu yako alilia alipomchinja, akasema ni moshi."

"Na ya shangazi?"

"Mweupe, mkia hadi hapa. Huyo naye wawili wawili. Maziwa yake yalikuwa yanadondoka njiani."

"Na ya dada?"

"Ya huyu?" Alimgusa dada kwa gunzi. "Mwekundu mwenye kengele shingoni. Wawili, halafu wawili. Wewe yako ni ya kondoo wa hivi hivi tu, wakati huo wazuri walikuwa wamekwisha. Ndiyo maana husemi."

Dada alicheka. Mimi pia nilicheka, lakini bibi alikuwa amelitaja mwenyewe. Wazuri walikuwa wamekwisha. Na mimi nilizaliwa miaka mingi kabla ya huko kuhama anakokulaumu baba.

"Bibi, watoto wao wako wapi?"

"Watoto wa nani?"

"Wa yule wa madoa. Na wa yule mweupe."

Bibi aliendelea kupukuchua. Punje zilianguka, zikaanguka. "Walikuwepo," alisema. "Wengine walikufa mama alipoondoka. Wengine walikwenda. Kondoo huenda."

Hapo ningenyamaza. Lakini nilikuwa na daftari kwenye mkunjo wa kanga, nikalitoa, nikaanza kumsomea niliyoyaandika, kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari: yupi alizaa wangapi, yupi aliruka, yupi alitolewa. Sikuwa nimemaliza ukurasa bibi aliponikatiza.

"Umeandika kondoo wa nyumba hii kwenye karatasi?"

"Ndiyo, bibi."

"Ili iweje?"

Nililifunga daftari.

"Wewe unahesabu kondoo," bibi alisema, naye hakupaza sauti, "mwenzako anahesabu kaburi."

Dada aliinuka akaingia ndani. Bibi alikusanya mahindi yake. Nilibaki nje na magunzi. Nilijiona mchoyo, mtu anayemnyima mtoto ambaye hajazaliwa ngozi ya mgongoni kwa sababu ya mnyama.

Siku mbili sikuligusa daftari. Siku ya tatu nilikwenda kuchota maji na dada. Alikuwa hawezi kubeba ndoo, alikuja kwa ajili ya kutembea tu. Njiani alisema bila kuniangalia, "Usifikiri nimekasirika."

"Bibi amekasirika."

"Bibi anaogopa. Mimi pia naogopa. Ngozi wala si kitu kwangu, mdogo wangu. Mimi nataka mtoto apite mwezi wa tatu. Ukiniambia nimbebe kwa jani la mgomba nitambeba kwa jani la mgomba." Akatembea kidogo. "Lakini nikikataa ngozi, halafu mtoto akapatwa na kitu, nitamwambia nini bibi? Nitajiambia nini mimi?"

Nilijaza ndoo, nikajitwisha, tukarudi.

Wiki iliyofuata bwana mifugo alikuja kutoka Kasulu kwa baiskeli, suruali imefungwa kamba kwenye kifundo cha mguu. Alikuwa akizunguka kijiji kwa kijiji kunywesha kondoo na mbuzi dawa ya minyoo na kuhasi madume. Koleo lake la kuhasi lilikuwa limefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira, na watoto wa kiume walikuwa wakilikimbia huku wameshika kaptura zao.

"Njooni, njooni," aliwaita. "Leo nina nafasi ya wawili tu!"

Tulimletea kondoo uani. Bibi alikaa kwenye kigoda mlangoni, dada nyuma yake. Bwana mifugo aliwanywesha, akawafunua kope za macho kuangalia kama wana damu ya kutosha, akawabonyeza migongo. Alipofika kwa yule mwekundu alimtazama na wale mapacha.

"Huyu mdogo anafanya kazi kubwa," alimwambia baba. "Wote wawili wake?"

"Wake. Lakini anaondoka. Anatoa ngozi ya mjukuu."

Bwana mifugo aliangalia tumbo la dada, akainamisha kichwa kwa heshima. Aliuliza, "Na dume lenu ni lipi?"

Baba alimwonyesha. Alikuwa kondoo mwembamba, miguu myembamba, ambaye wanunuzi wote walimkataa.

"Huyu ndiye baba wa wote?"

"Wakubwa wananunuliwa, bwana. Huyu nimuuzie nani?"

"Mzee, wewe ungemwoza binti yako kwa mwanamume aliyekataliwa na kijiji kizima?"

Majirani waliokuja kutazama, wameegemea ukuta, walipasuka kwa kicheko. Baba naye alicheka, lakini si sana.

"Kondoo ana baba na ana mama," bwana mifugo alisema. "Ukubwa, uzazi, maziwa, kuvumilia minyoo ya huku kwenu kwenye ubaridi, vyote hivyo mtoto anachukua huku nusu na huku nusu. Si kila mara vinaonekana, vingine vinajificha. Dume aliyetoka kwa mama wa mapacha hazai yeye, lakini binti zake wanaweza kuzaa mapacha." Huku akisema hivyo alikuwa ameshamkamata yule pacha dume na kumlaza ubavu, koleo mkononi. "Na huyu? Bado mdogo sana, lakini sijui nitarudi lini. Tuhasi?"

"Hasi," baba alisema. "Akinenepa atauzika."

Sikumbuki nilitembeaje kutoka nyuma ya ghala. Nakumbuka kwamba nilikuwa nimeshafika katikati ya ua, na kwamba kila mtu alikuwa akinitazama, na kwamba mkono wangu ulikuwa juu ya koleo.

"Huyo asihasiwe."

"Ala!" dada alisema kule mlangoni. "Kumbe ana sauti!"

Wakacheka tena. Bwana mifugo hakucheka. Alingoja. Baba alisema, "Kwa nini asihasiwe?"

Ningeweza kusema mambo ya daftari. Yote yalinipotea. Nilimgeukia bibi, maana kwa kweli maneno yangu yalikuwa yake, nikasema, "Bibi, maharage mazuri ya mbegu unayafunga kwenye majani ya mgomba, unayatundika juu ya moshi. Hata tukiwa na njaa huyapiki. Kwa nini kondoo wa mbegu tunamchinja?"

Hilo la mbegu kila mtu alilijua kwa bibi. Mwaka mmoja wa njaa tulikula mizizi huku maharage yake yakiwa yamening'inia juu ya vichwa vyetu, na aliyeyanyooshea mkono alipigwa. Sikuwa nimekusudia kumwaibisha. Lakini uso wake ulibadilika, akainuka kwenye kigoda, akaingia ndani.

Baba alimwinua yule dume mdogo akasimama. "Basi kwa leo mwache," alimwambia bwana mifugo. "Kuna vita ndani ya nyumba yangu."

Bibi hakutoka tena nje siku hiyo. Alikula kidogo. Nililala nikijua nimeharibu. Asubuhi nilipokwenda kufungua zizi nilimkuta yupo ndani tayari, ameinama na fimbo yake, anawatazama wale mapacha wakinyonya.

"Mke mwenzangu."

"Naam, bibi."

"Mimi nilifundishwa na mama mkwe wangu: ngozi itoke kwa aliyezaa vizuri. Sikuongeza, sikupunguza."

"Ndiyo, bibi."

"Huyu amezaa. Vizuri sijui." Alinyoosha fimbo, akawagusa mapacha, mmoja halafu mwingine. "Mtu akizaa watoto kumi na hapati mjukuu, tunasema amezaa vizuri?"

"Hatusemi."

"Hatusemi. Basi huyu hatujui bado. Hatujaona wajukuu wake. Yule wa madoa sikumwona na wajukuu. Yule mweupe sikumwona. Niliwaharakisha wote." Kisha akasema kama mtu anayekata shauri barazani, "Ngozi itoke kwa kondoo aliyekuwa bibi. Kabla ya hapo asiguswe."

Dada alikuwa amekuja nyuma yetu na mswaki wa mti mdomoni. "Lakini bibi, ngozi ya kizee si ngumu?"

"Itafikichwa. Mikono yenu inafanya kazi gani?"

"Maana hapa nyumbani bibi mwenye wajukuu wengi namjua mmoja tu. Tumchune?"

"Yangu ina makunyanzi," bibi alisema. "Itamkwaruza mtoto." Akacheka mpaka akashika nguzo ya zizi, na mimi nilijua kwamba yule mwekundu ataishi.

Mtoto alizaliwa mvua zilipokuwa zimeshika, wa kike, sauti yake kubwa. Bibi mwenyewe alichagua kitenge kwenye sanduku la dada, akakinusa, akakianika juu ya moto mpaka kikawa moto, kisha akamfunga mtoto mgongoni kwa mama yake na kukaza fundo. Kila asubuhi alikipasha joto hivyo hivyo. Hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Mwezi wa pili ulipokwisha nyumba nzima ilianza kuongea polepole. Katika mwezi wa tatu mtoto alipata homa kweli, usiku mmoja na mchana mmoja, na dada alikaa ameegemea ukuta akimtazama bila kupepesa macho. Baba alimpakia dada na mtoto kwenye lori la kahawa hadi hospitali Kasulu. Bibi alibaki na mimi. Hakusema kwamba ni kwa sababu ya ngozi. Nilingoja aseme, siku tatu nzima. Alichosema siku ya pili ni, "Umewapa kondoo maji?"

Siku ya nne walirudi, mtoto amepungua lakini ananyonya kwa nguvu. Waliambiwa ni malaria. Dada alishuka kwenye lori akampa bibi mtoto mikononi, na bibi akakaa naye pale pale chini kando ya barabara, kwenye tope.

Mwezi wa tatu ukapita. Wa nne ukapita.

Dada alipokuwa anajiandaa kurudi Kibondo, bibi alimwambia hawezi kuondoka mikono mitupu. Alimtoa yule pacha jike, mwekundu kama mama yake, masikio ya baba yake, marefu. Nilikuwa nimedhani masikio mafupi na uzazi wa mapacha vinakwenda pamoja, nilikuwa hata nimekwisha kuandika hivyo kwenye daftari. Ilinibidi nipige mstari, kwa sababu kondoo mmoja wa jirani, mwenye masikio marefu yanayoning'inia, alizaa wawili mwaka ule, na mwingine wa masikio mafupi alizaa mmoja. Sikio linakwenda njia yake na uzazi njia yake. Nilikuwa nimechagua alama ya kuona kwa macho kwa sababu ilikuwa rahisi.

"Akizaa, leta habari," bibi alimwambia dada. "Na yeye naye wanawe wasipewe watu kwa sababu ni wadogo. Mdogo ananenepa."

"Na ngozi?"

"Ngozi utaipata kwa mtoto wako wa tatu. Au wa nne. Kwani unakwenda wapi?"

Kondoo alifungwa miguu akapakiwa juu ya magunia ya maharage. Mtoto alikuwa mgongoni, amegeuza kichwa, anamtazama yule mnyama anayelia, na mdomo wake ulikuwa wazi kwa mshangao. Lori liliondoka.

Yule pacha dume hakuhasiwa. Baba alimuuza yule mwembamba kwa bei ya kutupa na kusema sasa kelele za wanawake zimemfanya tajiri. Mwaka wa kwanza kondoo wetu waliomzalia walizaa mmoja mmoja, kama siku zote, isipokuwa yule mwekundu mwenyewe, aliyechukua dume la jirani, akazaa wawili. Jirani alinicheka. Nilimwambia bwana mifugo alipopita, na nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Akasema, "Nilikwambia hazai yeye. Ngoja binti zake." Sasa binti zake wapo watano na wawili wana mimba. Kila asubuhi nawapitishia mkono tumboni kwanza, ndipo ninafungua mlango.

Juzi lori la Kibondo lilisimama kwetu kwa sababu ya pancha. Utingo aliuliza nyumba yetu, akasema ameagizwa na dada: mtoto anatembea, na yule kondoo amezaa wawili.

"Wako hai wote?" nilimuuliza.

"Mimi niliambiwa wawili," alisema. "Sikuambiwa zaidi."

Niliingia ndani nikachukua daftari. Niliandika kondoo wa dada, Kibondo, wawili. Pembeni yake niliacha nafasi ya kutosha.